Kutuni gari lenye tabo hapa Nakuru bila kuua injini: hatua kwa hatua

Mwaka huu nimefungua injini tatu zenye jeraha lile lile. Pistoni ya nne, ule ukingo mwembamba kati ya ringi ya kwanza na ya pili, umemeguka kipande kama punje ya hindi. Wenyewe hawajuani, lakini wote walipita njia moja: walisoma kwenye intaneti kwamba gari kama lao linabeba psi kadhaa za busti (shinikizo la hewa ambalo tabo, yaani turbo, inasukumia injini), wakanunua kontrola ya mkono, wakakaza skrubu mpaka geji ikasema hivyo.

Hakuna aliyewaambia kwamba geji hiyo inasoma tofauti Mombasa, Kisumu na Nakuru. Kosa liko hapo, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inalihusu.

Mifano yangu mingi ni ya Subaru, kwa kuwa Forester na Legacy zenye tabo ndizo zinazojaa gereji za hapa. Wa Mitsubishi Evo au Golf GTI afuate mpangilio huu huu, akitumia programu na waya unaofaa gari lake.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kugusa chochote

- Geji ya kompresheni yenye mpira mrefu wa kuskurubu
- Kifuniko cha kupimia uvujaji (nitaeleza kukitengeneza) na kompresa au pampu ya gari
- Sensa ya waidibendi (inayopima mchanganyiko wa hewa na petroli kwenye ekzosi) pamoja na geji yake, kwa mfano yenye Bosch LSU 4.9
- Geji ya busti ya kuaminika
- Plagi mpya na fila geji
- Laptopu yenye betri nzima, waya wa kuunganisha na kompyuta ya injini (Subaru nyingi hutumia Tactrix OpenPort 2.0), na programu: EcuFlash ya kusoma na kuandika, RomRaider ya kurekodi
- Chaja ya betri ya gari
- Oili mpya na filta yake
- Mtu wa pili. Anayeendesha haangalii laptopu, anayeangalia laptopu haendeshi

Kama huna fedha ya waidibendi, ahirisha kazi. Sensa ya oksijeni ya kiwandani kwenye magari mengi haiwezi kukuambia ukweli tabo ikiwa imejaza, na pua ya fundi anayenusa ekzosi si kipimo.

## Hatua ya 1: Hakikisha injini ni nzima

Tuni haiponyi injini mgonjwa, humalizia tu.

Pasha injini moto, izime, toa plagi zote, toa fyuzi ya pampu ya petroli na uchomoe koili. Mtu akanyage ekseleta mpaka chini huku stata ikizungusha mara tano au sita kwa kila silinda. Betri iwe imejaa, la sivyo silinda ya mwisho itaonekana dhaifu bure.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa watu wamevunja injini nzima kwa kutojua. Namba ya kitabu imepimwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Nakuru tuko kama mita 1,850 juu, na hewa yetu ina shinikizo la takriban asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Kitabu kikisema psi 150, zidisha kwa 0.8: hapa utasoma kama 120, na injini ni nzima kabisa. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, zidisha kwa 0.87, upate kama 130.

Cha kutazama zaidi ni tofauti kati ya silinda. Ya juu kabisa na ya chini kabisa zisipishane kwa zaidi ya asilimia 10. Moja ikiwa chini, mimina kijiko cha chai cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ringi au pistoni imechoka. Isipopanda, shuku valvu au gasketi ya hedi.

Ukifaulu: silinda zote zinakaribiana. Usipofaulu: hela ya tuni iwe hela ya injini.

## Hatua ya 2: Ziba kila uvujaji

Nunua kwa hadwea kofia ya bomba la plastiki inayoingia kwenye mdomo wa tabo, itoboe, ufunge valvu ya tairi. Toa paipu ya eya klina, funga kofia kwa klipu, kisha ingiza hewa polepole. Usipite psi 15, na usisimame mbele ya kofia. Ikichomoka inapiga kama jiwe la manati.

Paka maji ya sabuni kwenye viungo vyote: mipira ya intakula (kipooza hewa ya tabo), gasketi ya valvu ya kupumulia, sili za noso (vinyunyizio vya petroli), vijipira vya vakyumu vilivyokauka. Mapovu yatakuonyesha.

Sababu ya kujisumbua: gari lenye sensa ya kupima hewa inayoingia huhesabu hewa kabla ya tabo. Hewa ikitoroka baadaye, kompyuta bado inamwaga petroli ya hewa ambayo haipo. Utaona moshi mweusi, utadhani petroli imezidi, utaipunguza kwenye ramani (majedwali ya kompyuta yanayoamua petroli na cheche). Siku mpira ukibadilishwa, injini inakimbia na petroli pungufu.

Ukiwa chini ya boneti, kagua mpira unaokwenda kwenye westigeti, ule mlango unaoachia ekzosi ipite pembeni ili tabo isizidishe busti. Ukipasuka huo, hakuna kinachozuia tabo isipande itakavyo.

## Hatua ya 3: Oili, plagi, petroli

Badilisha oili. Kwenye Subaru nyingi za tabo kuna bolti ya paipu ya oili ya tabo ambayo ndani ina kichujio kidogo cha waya. Ifungue. Nimewahi kukuta kimeziba kwa uji mweusi kama lami, na tabo ilikuwa imebakiza siku chache.

Plagi: weka zenye kiwango cha joto kimoja baridi zaidi ya za kiwandani (kwa NGK, kutoka 6 kwenda 7), na pengo la milimita 0.7 hivi. Pengo likiwa pana, busti hupuliza cheche ikazimika, gari likakohoa juu ya mizunguko 4,500 kwa dakika, nawe ukasingizia ramani.

Petroli ndiyo inayowaumiza wenye magari ya kutoka Japani. Gari lenye tabo la soko la ndani la Japani lilipangiwa petroli yao ya daraja la juu, ambayo oktani yake (kipimo cha kustahimili kugonga, yaani petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda) huwa karibu 100. Super ya vituo vya hapa ni ya 93. Maana yake ramani ya asili ya gari lako, kabla hujaigusa, tayari inawasha cheche mapema kuliko petroli yetu inavyopenda. Kazi ya kwanza ya tuni hapa kwetu ni kupunguza. Nguvu inakuja baadaye.

Chagua kituo kimoja na aina moja ya petroli, na utuni kwa hiyo hiyo.

## Hatua ya 4: Funga waidibendi mahali pake

Sensa ikae kwenye bomba la ekzosi baada ya tabo, angalau sentimita 60 kutoka kwenye tabo, mkia wake wa waya ukielekea juu kidogo na ncha ikitazama chini, ili maji ya asubuhi yasitulie ndani yake. Usiendeshe gari sensa ikiwa imefungwa bila umeme. Masizi huiua ndani ya siku chache.

Ukifaulu: injini ikiwa moto na imetulia, geji yake inacheza karibu na 14.7, yaani sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya petroli.

## Hatua ya 5: Piga hesabu ya busti kwa hewa ya kwenu

Hapa ndipo pa kukaa.

Geji ya busti haipimi hewa yote iliyo ndani ya injini. Inapima kilichozidi hewa ya nje. Injini yenyewe haijui habari za nje. Inajua jumla tu. Jumla hiyo ni hewa ya nje ukijumlisha geji.

Hewa ya nje Mombasa ni psi 14.7. Kisumu ni kama 12.8. Nakuru ni kama 11.8.

Geji ikisoma 14 kila mahali, jumla ni hivi: Mombasa 28.7, Kisumu 26.8, Nakuru 25.8. Ndiyo maana gari la Nakuru lenye busti ileile linahisi zito, na ndiyo maana mwenyewe anakaza skrubu. Ili apate ile 28.7 ya Mombasa akiwa hapa, geji lazima isome karibu 17.

Tatizo la kwanza ni tabo yenyewe. Gawanya jumla kwa hewa ya nje uone kazi inayofanya. Mombasa, 28.7 kwa 14.7 ni mara 1.95. Nakuru, 28.7 kwa 11.8 ni mara 2.43. Tabo inabidi izunguke kasi zaidi kutoa hewa ileile, na hewa inayotoka ni moto zaidi. Tabo ndogo ya kiwandani hapo inakuwa kikaango.

Tatizo la pili huja ukishuka. Kontrola ya mkono hushika namba ya geji, si jumla. Ukitoka hapa na 17 yako ukafika Kisumu, jumla inakuwa 29.8. Mombasa, 31.7. Hujagusa kitu, lakini injini sasa inakula hewa ambayo hukuwahi kuipima, kwenye joto ambalo Nakuru halipo.

Uamuzi wangu, nao ni wa mtu aliyekwisha kulipa karo: chagua jumla, usichague geji. Kwa Subaru yenye pistoni, noso na tabo za kiwandani siendi zaidi ya jumla ya 27 na kitu kwa petroli ya kawaida. Hapa Nakuru hiyo ni kama 15.5 kwenye geji, ikiwa tabo inaifikia bila kuhema.

Kontrola ya kompyuta ndiyo bora kuliko ya skrubu, kwa kuwa kompyuta za Subaru nyingi hulenga jumla na hujirekebisha zenyewe milimani. Kama tayari umefunga ya skrubu, kwa kazi hii ifungue mpaka mwisho, tabo ibaki na springi ya westigeti peke yake.

## Hatua ya 6: Soma, hifadhi, ndipo uandike

Unganisha chaja kwenye betri ya gari. Chomeka laptopu, soma ramani ya asili, ihifadhi mahali pawili. Faili hiyo ndiyo tiketi yako ya kurudi nyumbani.

Wakati wa kuandika, zima redio, feni na taa. Stima ikipotea, na tunajua hupotea, betri ya gari na ya laptopu zibebe kazi mpaka mwisho. Kompyuta iliyokatizwa katikati ya kuandikwa inaweza kufa isiwashe tena.

## Hatua ya 7: Rekodi kabla ya kubadilisha

Chagua vitu hivi kwenye RomRaider: mizunguko, mzigo (hewa ambayo injini inameza), shinikizo la jumla, taimingi (cheche inawaka digrii ngapi mapema), marekebisho ya kugonga (digrii ambazo kompyuta inarudisha cheche nyuma ikisikia kugonga), joto la hewa, asilimia ya kazi ya noso, na waidibendi.

Kisha piga mvuto mmoja: gia ya tatu, mizunguko 2,500, kanyaga yote mpaka 6,000, achia. Fanya kwenye daino, mashine ya kupimia nguvu gari likiwa mahali pamoja. Gia ya tatu kwenye magari haya inakupitisha kilomita 110 kwa saa, ambayo ndiyo mwisho wa sheria, na barabara ya Salgaa imezika watu wa kutosha. Gia ya pili kwenye barabara ya faragha itakupa picha ya awali, lakini huficha mambo, kwa sababu mvuto huisha kabla injini haijapata joto.

Maji yawe kati ya nyuzi 80 na 95, na oili imepata moto. Kati ya mvuto na mvuto pumzisha dakika tatu hadi tano gari likipata upepo. Intakula iliyokaa juu ya injini hunyonya joto la injini gari likisimama, na mvuto wa pili wa harakaharaka utakudanganya.

Mstari wa kutazama kwanza ni marekebisho ya kugonga. Sifuri ni afya. Kompyuta kurudisha cheche nyuma digrii moja au moja na nusu mara moja, hasa unapobadilisha gia, inaweza kuwa kelele tu. Kurudisha zaidi ya mbili, mahali palepale, mara mbili mfululizo, ni kugonga kwa kweli. Tazama pia ile namba moja ambayo kompyuta za Subaru hutumia kuonyesha imani yake kwenye petroli: kwenye kompyuta za zamani iwe 16, kwenye za baadaye iwe 1. Ikishuka, kompyuta imekwisha kulalamika kabla yako.

## Hatua ya 8: Mchanganyiko, taimingi, kisha busti

Fuata mpangilio huu. Wengi huanza na wa mwisho.

Mchanganyiko. Busti ikiwa ya springi tu, ongeza petroli mpaka waidibendi isome kati ya 11.0 na 11.4 kuanzia mahali tabo inapojaza hadi juu. Petroli ya ziada hupooza silinda. Waidibendi ikipanda kupita 11.8 ukiwa umekanyaga yote, ondoa mguu papo hapo. Usisubiri kuona itafika wapi. Angalia noso: zikipita asilimia 85 ya kazi, zimefika mwisho, na hakuna namba ya ramani itakayokupa petroli isiyokuwepo. Mchanganyiko ukizidi kukauka (petroli kupungua) kadiri mizunguko inavyopanda, shuku pampu ya petroli iliyochoka.

Taimingi. Kwa gari la Japani, toa digrii tatu kwenye vyumba vyote vya mzigo mkubwa katika jedwali la ramani. Piga mvuto, soma rekodi. Hakuna kugonga? Ongeza moja kati ya ulizotoa. Piga tena. Ukiongeza digrii moja na daino isione nguvu mpya, rudi nyuma mbili na uache hapo. Kwa petroli yetu mara nyingi kugonga kutakufikia kabla nguvu haijagota. Basi rudi nyuma mbili kutoka pale kulipogonga.

Busti. Psi moja kwa kila raundi, na kwa kila psi unaanza tena na mchanganyiko na taimingi. Inachosha. Raundi tatu zinaweza kula mchana mzima.

Acha kizuizi cha kukata petroli busti ikizidi. Kiweke psi 1.5 hadi 2 juu ya lengo lako, kwa kipimo cha jumla. Mafundi wanaofunga kijivalvu cha kudanganya sensa ili gari lisikate, hao ndio wananiletea pistoni.

Ukifaulu: mistari ya mivuto mitatu mfululizo inalaliana, kugonga ni sifuri au karibu, busti haipigi kilele na kuporomoka, na waidibendi imetulia kama maji mtungini.

## Hatua ya 9: Shuka nalo Kisumu

Miaka iliyopita niliruka hatua hii kwenye Forester yangu mwenyewe. Nilituni asubuhi ya baridi hapa Nakuru, rekodi safi kabisa, nikaondoka na shemeji kwenda Kisumu kwa matanga. Hadi Kericho gari lilikuwa raha tupu. Tulipomaliza mteremko na kuingia tambarare ya Ahero, saa nane mchana, nikapita lori la miwa na mguu wote chini. Nikasikia kokoto zikitikiswa ndani ya mkebe, sekunde mbili hivi. Shemeji akauliza, "Hiyo ni lori ama ni sisi?" Tulikuwa ni sisi. Tulifika, lakini kwa kuvuta oili na moshi wa bluu nyuma.

Kilichotokea kinaonekana kwenye jedwali la ramani. Kule chini hewa ni nzito zaidi, kwa hiyo mzigo ulihamia vyumba ambavyo Nakuru sikuvifikia hata mara moja. Vilikuwa bado na taimingi ya asili ya Japani, ya oktani 100. Na hewa iliyoingia ilikuwa moto zaidi ya ile niliyopimia.

Kwa hiyo, kabla hujakabidhi gari au kujikabidhi:

1. Nakili upungufu wa taimingi na petroli ya ziada mpaka vyumba viwili au vitatu vya mzigo juu ya kile cha mwisho ulichofikia, kisha toa digrii moja zaidi kwenye hivyo.
2. Hakikisha jedwali la kupunguza taimingi kwa joto la hewa halijafutwa. Baadhi ya ramani za kununua hulifuta.
3. Shuka na laptopu imeunganishwa, mwenzako akirekodi, ukiendesha kawaida. Huhitaji mbio, mlima wa kurudi Kericho kwa gia ya juu na mguu nusu utakuonyesha kama kuna kugonga.
4. Ukiona kugonga, punguza busti kwanza, ndipo ufungue ramani.

Ukifika Kisumu, chomoa plagi moja, ya silinda ya nne ikiwezekana. Kaure yake iwe ya rangi ya kahawia hafifu. Vidoti vidogo vinavyong'aa kama chumvi ya madini ni alumini ya pistoni, na safari ya kurudi itakuwa nyuma ya brekidauni.

Mteja wangu mmoja wa hapa Lanet, ambaye hakutaka kuachana na kontrola ya skrubu, amebandika karatasi nyuma ya kizuia jua. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu: Nakuru 15.5, Kisumu 14.5, Mombasa 12.5. Kila akifika anasimama kwanza, anafungua boneti na kulegeza skrubu, ndipo anakwenda kutafuta chakula.